Mwalimu wa Butiama

Pengine unasoma kitabu hiki jioni, baada ya kazi zako. Umeketi katika darasa la shule ya msingi, kwenye dawati la mtoto, na magoti yako yanagonga mbao. Ubaoni bado kuna hesabu za watoto wa asubuhi. Nje unavuma upepo wa baridi wa Karatu. Au labda uko juu zaidi, Nainokanoka au Endulen, na ng'ombe wako wamekwisha ingia bomani. Mkono wako umezoea jembe au fimbo. Kalamu unaiona nyepesi mno, hata inataka kukuponyoka.

Katika kurasa hizi utasoma maisha ya mtu aliyefikiria sana darasa kama hilo lako. Sura yake umeiona mara nyingi katika noti ya shilingi 1,000. Ni Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Lakini mambo ya urais tutayapita haraka. Hapa tutamtazama kama mwanafunzi na kama mwalimu, maana watu walimwita Mwalimu hata alipokuwa Ikulu.

Njia ya kwenda Butiama

Toka Karatu mjini, ushike barabara ya Ngorongoro. Utapita lango la Lodoare, utapanda msituni, na utafika ukingoni. Huko chini utaiona kreta yote. Kisha barabara inateremka mpaka tambarare za Serengeti. Ukivuka mbuga yote na kutokea upande wa machweo, unaingia Mkoa wa Mara. Mbele yake, kabla ya kufika Ziwa Viktoria, kuna vilima vyenye mawe makubwa. Hiyo ni nchi ya Wazanaki. Kijiji chao kimoja kinaitwa Butiama.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa jirani yako. Kati yake na wewe palikuwa na wanyama tu.

Alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili mwaka 1922. Baba yake alikuwa chifu, jina lake Nyerere Burito. Jina hilo Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alipozaliwa, viwavi walikuwa wameivamia nchi. Mkulima wa Karatu anajua viwavi wakishuka shambani ni msiba gani. Basi mtoto wa mwaka wa viwavi aliitwa Kiwavi, na jina lile la balaa likawa baadaye jina kubwa katika Afrika.

Mama yake aliitwa Mugaya. Alikuwa mke wa 5 wa chifu, na chifu alikuwa na wake 22. Mtoto alipozaliwa aliitwa kwanza Mugendi. Baadaye wazee walimbadilisha jina, wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Usidhani mtoto wa chifu aliishi kama mtoto wa tajiri wa siku hizi. Kambarage alilala katika nyumba ya mama yake. Alichunga mbuzi pamoja na watoto wengine. Mama yake alilima mtama, mahindi na muhogo, na watoto walimsaidia. Mpaka alipokaribia umri wa miaka 12 hakuwa amejua herufi hata moja. Hakujua Kiswahili pia. Alijua Kizanaki.

Hapo, ndugu msomaji, mwanzo wake na wako unafanana. Watoto wengi wa Wairaki, Wamasai, Wabarbaig na Wahadzabe wa Eyasi walianza hivyo hivyo: lugha ya nyumbani, mifugo au shamba, na shule iko mbali.

Bao lililompeleka shule

Zamani zile shule zilikuwa chache sana. Waingereza walizifungua kwa shabaha yao. Walitaka makarani, wakalimani na wasaidizi wa utawala. Kwa hiyo waliwahimiza machifu wapeleke watoto wao wa kiume. Mtoto wa mtu wa kawaida alibaki nyuma. Mtoto wa kike alisahauliwa kabisa.

Lakini hata chifu hakupeleka watoto wote. Chifu Burito alikuwa na watoto wengi. Kwa nini Kambarage? Inasimuliwa kwamba kijana huyo alikuwa hodari wa kucheza bao. Chifu mmoja wa jirani, rafiki wa baba yake, alimwona akicheza. Aliona jinsi anavyohesabu kete na kufikiri mbele. Akamshauri mzee Burito ampeleke shule.

Mimi hupenda kulifikiria jambo hilo. Katika kila kijiji kuna mtoto anayehesabu mbuzi 80 kwa kuwatupia jicho tu. Kuna mama anayekumbuka madeni ya wateja 30 bila daftari. Akili hiyo ilikuwapo kabla ya shule. Yule chifu aliiona kwenye bao. Wangapi hawakuonwa na mtu?

Basi mwezi wa Februari mwaka 1934 Kambarage alipelekwa Musoma, mji mdogo ulio kando ya ziwa. Toka Butiama ni zaidi ya kilomita 30. Akaingizwa katika shule ya Mwisenge. Ilikuwa shule ya bweni. Wavulana walilala huko huko, wakaachana na mama zao kwa miezi mingi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko ya watoto wa siku hizi. Masomo yalifundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo alijifunza mambo mawili kwa pamoja, herufi na lugha yenyewe. Mmoja wa walimu wake alikuwa Mwafrika, James Irenge, ambaye aliishi miaka mingi na kuiona Tanganyika ikiwa huru. Kambarage alishika masomo upesi. Baada ya miezi 6 tu alifanya mtihani vizuri hata akarushwa darasa. Wenzake walipokwenda kucheza mpira, yeye mara nyingi alibaki bwenini anasoma.

Tazama sasa jambo hili. Shule ile ilimpa mengi. Lakini pia ilimtoa. Ilimtoa katika mbuzi, katika shamba la mama yake, na katika lugha yake. Kila darasa alilopanda lilimpeleka mbali zaidi na Butiama. Ndivyo shule zote za mkoloni zilivyofanya kazi. Mtoto aliyefaulu aliondoka. Aliyeshindwa alirudi nyumbani, na kurudi nyumbani kukawa ni aibu. Jambo hilo Nyerere hakulisahau. Utaliona tena mbele.

Tabora na Makerere

Mwaka 1937 alifaulu kwenda Tabora. Ilikuwa shule ya Serikali yenye sifa kuliko zote za Waafrika katika Tanganyika. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo akaanza lugha nyingine tena. Huko alisaidia kuanzisha chama cha wanafunzi cha midahalo. Inasimuliwa pia kwamba walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule alikataa. Alimwona ni mpole mno.

Mwaka 1942 baba yake alifariki. Mwaka 1943 kijana huyo alibatizwa katika dini ya Kikatoliki, akachagua jina la Julius. Mwaka huo huo alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Alimaliza mwaka 1945.

Mwalimu Julius

Alipotoka Makerere alirudi kwanza Butiama. Hakurudi kukaa kivulini. Alimjengea mama yake nyumba, akalima.

Kisha akapewa nafasi mbili za kazi, zote Tabora. Ya kwanza ilikuwa katika shule ya Serikali aliyosoma yeye mwenyewe. Ya pili ilikuwa katika shule ya misheni, St. Mary's. Misheni walilipa mshahara mdogo kuliko Serikali. Nyerere akachagua misheni. Alifundisha baiolojia.

Sasa sikiliza alivyofanya nje ya darasa. Baada ya saa za shule aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini Tabora. Hakuwatoza senti. Hao walikuwa watu wenye kazi zao na watoto wao, waliokuja jioni wakiwa wamechoka. Bila shaka walikuwa na vidole vigumu kama vyako. Kwa hiyo ujue kwamba darasa la jioni hakulianzisha kwa amri ya Ikulu. Alilianza mwenyewe, akiwa mwalimu kijana, na chaki mkononi.

Kwa muda mfupi alifanya pia kazi ya Serikali ya kukagua bei. Alipita madukani kuona kama wenye maduka wanauza kwa bei ya haki. Aliandika taarifa za wadanganyifu. Wakubwa hawakuzifanyia kazi taarifa hizo. Akaiacha kazi hiyo.

Katika miaka hiyo alimpenda mwalimu mwenzake, Maria Gabriel, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi ya Nyegina karibu na Musoma. Wakachumbiana. Lakini mwaka 1949 Nyerere alipata nafasi ya kwenda kusoma Edinburgh, Uingereza. Alikaa huko mpaka 1952, akarudi na shahada. Walifunga ndoa Januari 1953.

Alikuwa mmoja wa Watanganyika wachache kabisa wenye elimu ya namna hiyo. Angeweza kutafuta ofisi nzuri. Alikwenda kufundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje ya Dar es Salaam.

Chaki au siasa

Wakati huo palikuwa na chama cha Waafrika kilichoitwa T.A.A. Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU, chama cha kudai uhuru. Mwalimu wa Pugu akawa na kazi mbili. Siku za kazi alifundisha. Jioni na siku za mapumziko alikwenda mjini kwenye mikutano.

Machi 1955 TANU ilimtuma New York, katika Umoja wa Mataifa. Alieleza kwamba Tanganyika inataka kujitawala. Wananchi walichanga nauli yake. Serikali ya mkoloni haikufurahi. Aliporudi, shuleni aliambiwa achague jambo moja. Ama awe mwalimu, ama awe mtu wa TANU.

Fikiri juu ya uchaguzi huo. Alikuwa na mke na familia changa. Mama yake alimtegemea. Mshahara wa mwalimu ulikuwa wa uhakika, na TANU ilikuwa chama cha mwaka 1 chenye fedha kidogo. Juu ya hayo, kazi ya ualimu aliipenda kwa moyo. Hata baadaye alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, lakini siasa ilimpata kama ajali.

Aliacha kazi. Akarudi Butiama na jamaa yake. Katika miaka iliyofuata, kupata fedha za matumizi, aliwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Mtoto aliyefika Mwisenge hajui lugha ila Kizanaki, sasa alikula kwa kuifundisha lugha ile ile.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nyerere akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1962 akawa Rais. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana.

Shule yenye shamba

Serikali ya uhuru ilirithi shule zile zile za mkoloni. Zilikuwa chache, na bado zilifundisha mtoto kuondoka kijijini. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Nyerere alitoa maandishi yake yanayoitwa Elimu ya Kujitegemea.

Ndani yake alifanya hesabu. Katika watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, waliopata nafasi ya kwenda sekondari walikuwa 13 tu au pungufu. Lakini shule ilimfundisha kila mtoto kana kwamba yeye ni miongoni mwa wale 13. Wale 87 walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Walikuwa wamejifunza kudharau jembe la baba yao, na hawakupewa kitu kingine cha kushika. Na gharama yote hiyo ililipwa na wakulima hao hao.

Je, afanye nini? Alisema shule iwe sehemu ya kijiji. Shule iwe na shamba lake au karakana yake. Wanafunzi wasilime kama vibarua wa mwalimu. Wapange pamoja walime nini, wapime shamba, wahesabu mbegu na mbolea, waandike mapato, na waamue fedha zitumike vipi. Hapo hesabu za ubaoni na hesabu za shamba zinakuwa kitu kimoja. Tena mkulima hodari asiyejua kusoma aitwe shuleni, awaonyeshe watoto anavyofanya. Mtihani usiwe kipimo pekee cha mtu.

Mwenyewe alishika jembe mbele za watu. Mwaka 1971 alikaa katika kijiji cha Chamwino, Dodoma, akifyatua matofali pamoja na wanakijiji.

Huku kwetu kaskazini wazee wanakumbuka shule za miaka hiyo. Kengele iligongwa mapema. Watoto walikuja na majembe, madumu ya maji na mafagio. Asubuhi waliimba, wakakaguliwa kucha, wakaingia darasani. Mchana wengine walipalilia mahindi na maharage ya shule, wengine walimwagilia miti. Siku za sikukuu wazazi waliitwa. Wanafunzi walighani ngonjera, wakacheza ngoma za kwao. Shule ikihitaji darasa jipya, wazazi walileta mawe, mchanga na maji, na mafundi wa kijiji wakajenga ukuta. Mwanakijiji akipita hapo alisema ile ni shule yetu, kwa sababu jasho lake lilikuwa ukutani.

Lakini tusifiche. Mahali pengi shamba la shule liligeuka adhabu. Mtoto aliyechelewa alipelekwa kulima. Penginepo mazao yalikwenda nyumbani kwa wakubwa, na watoto hawakuona daftari la mapato. Wazazi walinung'unika, na walikuwa na haki.

Na kama wewe ni mfugaji wa Ngorongoro, utauliza swali jingine. Shamba lipi? Mwaka 1974 Serikali iliwahamisha watu waliokaa ndani ya kreta. Mwaka 1975 sheria ilikataza kilimo katika eneo lote la hifadhi. Hiyo ilikuwa Serikali ya Mwalimu huyo huyo. Maandishi yake juu ya shule yalimfikiria zaidi mtu mwenye jembe. Mtu mwenye fimbo, anayehama na ng'ombe kufuata majani na maji, hakupata ndani yake shule ya kumfaa sawasawa. Mtoto wake aliambiwa aache kuhama, au aache shule. Pia katika miaka hiyo hiyo, sehemu nyingi za nchi, watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa. Jambo zuri aliloliandika juu ya watu kupanga mambo yao wenyewe halikufuatwa hapo.

Darasa la watu wazima

Sasa tumefika kwenye dawati lako.

Mwalimu aliona kwamba watoto watachukua miaka mingi kukua. Nchi haikuweza kungoja. Wanaolima, wanaolea watoto na wanaoamua mambo ya kijiji ni watu wazima. Wakati wa kuhesabu watu mwaka 1967, watu wazima kama 7 katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Siku ya mwisho ya mwaka 1969 alizungumza na wananchi kwa redio. Alitangaza kwamba mwaka 1970 utakuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Watu walianza kusoma kila mahali. Walisoma darasani, kanisani, msikitini, ghalani, na chini ya mwembe. Waliofundisha walikuwa walimu wa shule, na pia watu wa kawaida waliomaliza darasa la 7. Wengi walipewa posho ndogo tu. Vitabu vya kujifunzia vilihusu kazi za watu. Mahali pa pamba walisoma juu ya pamba. Mahali pa migomba, juu ya migomba. Wavuvi walisoma juu ya samaki, na wafugaji juu ya ng'ombe. Kitabu chako hiki ni mjukuu wa vitabu hivyo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 waliketi katika vikundi kusikiliza redio na kusoma kijitabu. Walizungumza juu ya malaria, kichocho na maji machafu. Kisha walitoka nje wakafanya kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakasafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Mambo hayakuwa rahisi. Akina mama walikuwa wengi katika madarasa, lakini walikuja wamechoka, na mtoto mgongoni. Waume wengine walikataza. Mvua ikinyesha, darasa lilikuwa tupu, kwa sababu kila mtu alikuwa shambani. Macho ya wazee hayakuona herufi kwa mwanga wa karabai, na miwani haikupatikana. Hata hivyo, baada ya mtihani wa mwaka 1975 ilionekana kwamba wasiojua kusoma wamepungua mpaka kama 39 katika watu 100. Mwaka 1986 walikuwa kama 10 tu katika 100. Nchi chache za Afrika zilifanya hivyo.

Mwezi wa Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Ndiyo, Musoma ile ile yenye shule ya Mwisenge. Mvulana aliyeletwa pale miaka 40 nyuma, kwa sababu alicheza bao vizuri, sasa alikuwa mwenyekiti wa mkutano. Mkutano ukaamua kwamba ifikapo Novemba 1977, kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani. Wa kiume na wa kike, wa chifu na wa mchunga mbuzi.

Walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la 7 walifundishwa ualimu huko huko vijijini, huku wakifanya kazi. Mwaka 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa milioni 1 na robo hivi. Miaka 10 baadaye walizidi milioni 3. Madawati hayakuongezeka hivyo. Watoto waliketi sakafuni, wengine 5 kwa kitabu 1. Wako waliomaliza darasa la 7 wakisoma kwa shida. Watu hubishana mpaka leo kama mambo yalikwenda haraka mno. Mimi nadhani yalikwenda haraka mno, na nadhani pia kwamba mtoto wa kike wa Mbulumbulu au Endabash aliyeketi sakafuni mwaka 1977 hakupenda kungoja zaidi.

Kurudi nyumbani

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Uganda vilikwisha mwaka 1979 na viliacha madeni. Sabuni, sukari na chumvi viliadimika. Shuleni hapakuwa na chaki. Madarasa mengi ya kisomo yalifungwa, na mtu asiyepata kitu cha kusoma husahau. Wengine waliofaulu mtihani wa 1975 walirudi kutia sahihi kwa dole gumba.

Mwaka 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari yake. Alirudi Butiama. Alilima, alisoma vitabu, na aliandika. Kabla ya hapo alikuwa amefasiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare, mmoja ukatolewa mwaka 1963 na mwingine mwaka 1969. Alitaka watu waone kwamba lugha waliyosomea herufi inaweza kubeba jambo lolote. Jioni alicheza bao na wazee wa kijiji.

Baadaye aliugua kansa ya damu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77. Mwili wake uliletwa nyumbani, na watu wakapanga mistari mirefu Dar es Salaam kumwaga. Tarehe 23 Oktoba alizikwa Butiama, mahali panapoitwa Mwitongo, karibu na wazazi wake, Burito na Mugaya.

Shule ya Mwisenge ipo mpaka leo, na watoto wa Musoma wanasoma hapo. Ukipata nafasi ya kusafiri, panda basi la Musoma linalopita Ngorongoro. Siku hizi utaweza kusoma mwenyewe vibao vyote vya njiani.